Mbwa Mwitu, Gorila wa Kahuzi na Sheria ya Uwindaji



Majuma machache yaliyopita, katika darasa la wakatekumeni hapa Nyawera, tulisoma maneno ya Injili juu ya kondoo wanaotumwa katikati ya mbwa mwitu. Somo lilipokwisha, mzee mmoja aketiye siku zote karibu na mlango aliinua mkono. Mzee huyo alizaliwa upande wa Bunyakiri, kando ya msitu, na ujana wake wote aliwinda pamoja na baba yake. Akasema: "Mwalimu, mimi nimewaona nguruwe wa porini, nimemwona chui, nimewaona tembo wakati walipokuwa wengi. Mbwa mwitu sijamwona hata siku moja. Je, huyo ni mnyama gani? Na huko kwao, je, watu wamekatazwa kumwinda, kama sisi tulivyokatazwa huku?"

Wengine walicheka kwa swali la pili. Mimi sikucheka, maana niliona wazi ya kwamba hilo ndilo swali alilokuja nalo. Nikamwambia: "Baba, nipe muda, nitakujibu yote mawili." Jibu lenyewe ndilo somo hili. Nimeliandika hapa kwa sababu wengi kati yenu mnakaa karibu na msitu kuliko sisi wa mjini, na jambo hili lawagusa zaidi.

MNYAMA ANAYEITWA MBWA MWITU

Wale waliotafsiri Maandiko katika Kiswahili walihitaji jina la mnyama asiyekaa katika nchi zetu. Basi wakalichukua jina la mnyama mwingine anayefanana naye kwa tabia. Mbwa mwitu tunayemjua katika Afrika hukaa mbugani, katika majani na miti michache. Ana masikio makubwa ya mviringo, na ngozi yake ina mabaka meusi, ya manjano na meupe. Huwinda kwa kundi, na mbio zake hazichoki upesi. Lakini yule wa Maandiko ni mwingine. Yeye ni mkubwa kuliko mbwa wa nyumbani, mara nyingi rangi yake ni ya kijivu, masikio yake yamesimama, na hukaa katika nchi za baridi na za milima: Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Naye pia huwinda kwa kundi. Na kwa kuwa kondoo ni rahisi kukamatwa kuliko paa, wachungaji wamemchukia tangu zamani za kale.

Katika msitu wetu wa Kivu hakuna hata mmoja wa hao wawili. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa mwindaji mbaya. Alimtafuta mnyama asiyekuwapo.

Lakini msidhani kwamba Afrika haina kabisa ndugu wa mnyama huyo wa Maandiko. Katika milima mirefu ya Ethiopia, hasa milima ya Bale, yuko mmoja mwenye manyoya mekundu na miguu mirefu, ambaye chakula chake ni panya na fuko. Wamebaki karibu 500 tu katika dunia nzima. Sheria ya Ethiopia inamlinda, wala watu wa huko hawana desturi ya kumla. Yamwuayo zaidi ni magonjwa ya mbwa wa vijijini, hasa kichaa cha mbwa, ambacho mara kadhaa kimefagia sehemu kubwa ya makundi ya Bale. Hapo mlinzi mwenye bunduki hawezi kitu. Dawa yake ni sindano kwa mbwa wa wachungaji, basi. Tena mwaka 2015 wataalamu walichunguza damu ya mnyama ambaye watu walimwita bweha, anayeonekana kaskazini mwa Afrika na hata katika mbuga za Serengeti, wakakuta ya kwamba kwa ukoo yu karibu na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko na bweha. Yaani watu walikaa naye miaka yote wakimwita kwa jina la jirani yake.

HUKO ULAYA SHERIA ILIKWENDA NA KURUDI

Sasa swali la pili la mzee. Je, huko nako wamekatazwa?

Zamani haikuwa hivyo. Kwa karne nyingi wafalme na serikali za Ulaya walimlipa mtu aliyeleta kichwa cha mbwa mwitu. Katika Ufaransa sheria ya mwaka 1882 ilipandisha malipo hayo, na watu wakatumia bunduki, mitego na sumu, mpaka karibu mwaka 1940 hakubaki hata mmoja katika nchi ile. Katika Italia walibaki wachache milimani.

Baadaye watu walifikiri upya. Mwaka 1979, katika mji wa Bern, nchi nyingi za Ulaya zilifanya mapatano ya kuwalinda wanyama wa porini, na mbwa mwitu akawekwa katika orodha ya wale wanaolindwa kabisa. Hapo wale wa Italia walianza kuongezeka, wakavuka milima wenyewe, na mwaka 1992 wakaonekana tena katika Ufaransa. Leo katika nchi za Umoja wa Ulaya wanazidi 20,000. Nao kondoo walianza kuliwa tena, na wachungaji wakapiga kelele. Basi Desemba 2024 wakuu wa mapatano yale ya Bern walipiga kura, wakamteremsha mbwa mwitu daraja moja. Tangu Machi 2025 hayumo tena katika orodha ya wanaolindwa kabisa. Yumo katika orodha ya wanaolindwa kwa kadiri, yaani nchi yaweza kuruhusu wengine wauawe, mradi idadi yao isiharibike.

Shikeni hapa jambo moja, kwa sababu tutalihitaji mbele. Katika nchi nyingi za huko, mchungaji aliyepoteza kondoo kwa meno ya mbwa mwitu hulipwa na serikali, tena husaidiwa kupata ua na mbwa wa kulinda. Si kwamba malipo yanamridhisha kila mtu. La, bado wananung'unika. Lakini anayeombwa kuvumilia mnyama haachwi mikono mitupu.

MNYAMA WETU NI GORILA

Tumekwenda mbali, turudi nyumbani. Ukitoka Nyawera kwa barabara ya Kavumu, ukafika Miti, ukapinda kushoto na kuanza kupanda, mashamba ya ndizi na ya chai yatakuacha, na msitu utakupokea. Mahali panapoitwa Tshivanga ndipo penye makao ya walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo sisi sote twaiita parki. Jina lake limetoka kwa milima miwili: Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega, wenye mita 2,790.

Humo hukaa gorila wa nchi tambarare ya mashariki, ambaye wataalamu humwita gorila wa Grauer, kwa jina la Mwaustria Rudolf Grauer. Kati ya gorila wote yeye ndiye mkubwa. Dume mzima aweza kupita kilo 200. Katika dunia yote hapatikani porini mahali pengine ila mashariki ya Kongo yetu. Hali nyama. Chakula chake ni majani, matunda, mianzi michanga na wadudu kama siafu. Kila jioni hufanya kitanda kipya cha matawi na majani, na wanaohesabu gorila huhesabu hasa vitanda hivyo, kwa maana vitanda havikimbii. Dume mzima manyoya ya mgongo wake hugeuka rangi ya fedha. Huyo ndiye baba wa kundi, na hatari ikija yeye husimama mbele.

Tazameni pia jinsi anavyozaa, kwa sababu sheria yote imesimama juu ya jambo hili. Mbuzi wa kwenu huzaa kila mwaka, na pengine mapacha. Gorila jike hupata mtoto wa kwanza akiwa na miaka kama 10, naye humbeba na kumnyonyesha muda mrefu, hata mwingine huja baada ya miaka 4 au zaidi. Fanyeni hesabu: afikapo miaka 30, watoto wake hawazidi 6, na si wote wanaokua. Mtu akiua majike wawili katika siku moja, amefanya shimo ambalo kundi halitalijaza kwa miaka mingi. Na mtu akitaka kumkamata mtoto amwuze, hawezi kumchukua kwa amani. Mama hampi, na baba hakimbii. Kwa mtoto mmoja aliyeuzwa kuna wakubwa waliokufa.

HISTORIA YA MAKATAZO

Wengine husema kwamba makatazo haya yaliletwa juzi na watu wa utalii. Si kweli. Novemba 1933 serikali zilizotawala Afrika zilikutana London, zikaandika mapatano juu ya wanyama, na gorila aliwekwa katika daraja la kwanza, la wale wasiowindwa kabisa. Katika mapatano hayohayo serikali ziliahidi kukataza, kwa kadiri ziwezavyo, kuwinda kwa sumu, kwa mashimo na kwa mitego ya kitanzi. Mwaka 1937 Wabelgiji waliutenga msitu wa mlima Kahuzi uwe pori la akiba.

Baada ya uhuru, tarehe 30 Novemba 1970, serikali ya Kongo iliufanya msitu huo kuwa hifadhi ya taifa, yenye hekta karibu 60,000. Mwaka 1975 mipaka yake ilipanuliwa mpaka hekta karibu 600,000, ikateremka mpaka misitu ya Walikale na Shabunda. Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, alifanya kazi kubwa katika miaka hiyo. Aliwazoeza gorila kumwona mtu bila kukimbia wala kushambulia, mpaka wageni wakaweza kuwatembelea. Lakini Deschryver hakuijua njia ya gorila kwa akili yake mwenyewe. Waliomwongoza ni Batwa, ambao walisoma jani lililovunjika kama ninyi msomavyo kitabu. Neno hilo nalo mliweke moyoni. Mwaka 1980 shirika la UNESCO liliiandika hifadhi hii katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1997, kwa sababu ya vita, likaiandika tena katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambamo imebaki miaka mingi.

Mnaoishi karibu na mpaka wa parki mwapaswa kujua maneno ya sheria kwa usahihi, si kwa uvumi. Nimeyaweka kwa namna ya maswali na majibu, kama tulivyozoea.

Swali: Mnyama wa msituni ni wa nani?
Jibu: Sheria yasema ni urithi wa taifa zima. Aliyemwona kwanza hajawa mwenyewe.

Swali: Je, kila uwindaji umekatazwa katika Kongo?
Jibu: La. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 iliwagawa wanyama katika orodha. Wako wanaolindwa kabisa, kama gorila, sokwe mtu na okapi. Wako wanaolindwa kwa sehemu. Na wako wengine wanaoweza kuwindwa na mwenye ruhusa, kwa wakati uliowekwa na kwa silaha zilizokubaliwa. Lakini ndani ya hifadhi ya taifa hakuna anayewindwa, hata paa, hata ndezi.

Swali: Nikitega kitanzi cha waya kwa ajili ya paa, akanaswa gorila, je, nina kosa?
Jibu: Unalo. Ndani ya parki kosa lilikwisha kuwapo ulipoufunga waya, kabla hajanaswa mtu wala mnyama.

Swali: Na adhabu?
Jibu: Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili imeweka kifungo na faini nzito, hasa kwa aliyemwua au kumwuza mnyama anayelindwa kabisa.

Jibu la tatu liliwaudhi watu wengi darasani. Walisema: "Mwalimu, moyo wangu ulikuwa kwa paa!" Najua. Lakini waya hausomi moyo. Kahuzi kulikuwa na dume mmoja, jina lake Mugaruka, aliyejulikana sana kwa walinzi na wageni kwa sababu alikuwa na mkono mmoja tu. Mwingine ulipotea kwa mtego alipokuwa angali mdogo. Aliyeutega mtego ule huenda alikuwa mtu mwema, mwenye watoto wenye njaa, naye alimfikiria paa. Gorila ana nguvu. Akinaswa huvuta, na kadiri avutavyo ndivyo waya unavyozama katika nyama mpaka mfupa. Akifaulu kuukata, huondoka nao mwilini, na kidonda huoza. Zamani vitanzi vilifanywa kwa kamba za mimea, ambazo huoza kwa mvua au kukatika. Waya wa chuma hukaa msituni hata baada ya mwenyewe kusahau mahali alipoutega.

VITA

Mwaka 1993 dume mmoja, Maheshe, aliuawa na wawindaji wa wizi. Watu wengi wa Bukavu husimulia kwamba picha yake ndiyo iliyochapwa katika noti ya zaire 50,000. Basi mnyama ambaye sura yake ilikuwa mifukoni mwa watu hakusalimika hata yeye, na wakati huo vita vikubwa vilikuwa bado.

Mwaka 1994 wakimbizi wengi wa Rwanda walikuja, na kambi zao nyingine zilikuwa karibu na parki. Walihitaji kuni, wangepika kwa nini? Mwaka 1996 vita vikaanza. Katika sehemu ya juu ya parki, ile ya upande wetu, gorila 245 walihesabiwa mwaka 1996. Mwaka 2000 walihesabiwa tena: 130. Karibu nusu walikuwa wamekwisha katika miaka minne. Tembo wa sehemu hiyo ya juu walikwisha karibu wote. Huko chini, katika misitu ya Walikale na Shabunda, bei ya koltani ilipanda sana mwaka 2000, na maelfu ya wachimbaji wakaingia ndani ya parki. Hawakuwa na mashamba, wala barabara ya kuletewa chakula. Wakala nyama ya msitu, na gorila na tembo wakawemo katika sufuria zao. Koltani hiyo ilikwenda nchi za mbali kufanya vyombo vya umeme, na mtu aliyevinunua huko hakujua kabisa ni nini kilichopikwa shimoni.

Kwa jumla ya gorila hawa wote, ndani na nje ya parki, wataalamu walikadiria karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2016 walikadiria karibu 3,800. Mwaka 2021, baada ya kupima sehemu nyingi zaidi, walisahihisha hesabu yao, wakasema karibu 6,800. Mnaona ya kwamba hesabu ya msitu ni ngumu. Lakini katika hesabu hizo zote hakuna inayokaribia ile ya kwanza.

Sehemu ya juu walianza kuongezeka polepole. Mwaka 2010 walihesabiwa 181. Walinzi wengi wamekufa katika kazi hiyo, na kwa mshahara mdogo. Wala vita havijatuacha. Februari 2025 waasi wa M23 waliuchukua mji wetu wa Bukavu.

BATWA

Sasa nafika mahali ambapo mzee wetu alikuwa akinielekeza tangu mwanzo. Maana baada ya darasa aliniambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, umesema gorila hana pa kwenda. Na jirani zetu Batwa, walikuwa na pa kwenda?"

Kweli haifichwi. Kabla ya mwaka 1937, kabla ya jina la parki, Batwa walikuwa ndani ya msitu ule. Waliwinda humo, wakachuma dawa na asali humo, na wafu wao wamezikwa humo. Katika miaka ya 1970 walitolewa kwa nguvu. Hawakuulizwa, hawakulipwa, hawakuonyeshwa shamba lingine. Walitawanyika kandokando ya vijiji vya Bashi na Batembo, wakawa vibarua katika mashamba ya wengine, watu wasio na ardhi katika nchi ya babu zao. Na kumbukeni ni nani aliyemwongoza Deschryver kwa gorila. Walioonyesha njia ndio waliofungiwa mlango.

Linganisheni na yule mchungaji wa Ulaya. Yeye alipoteza kondoo kumi, akalipwa. Hawa walipoteza msitu mzima, wala hakuna aliyewalipa. Mimi nafundisha watoto kutii sheria, na nitaendelea kuwafundisha hivyo. Lakini sikuona neno la kumjibu mzee ila kukubali kwamba kosa lilitendeka.

Oktoba 2018 baadhi ya Batwa walichoka kungoja, wakarudi kukaa ndani ya parki. Yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa pande zote. Damu ilimwagika, ya Batwa na ya walinzi, na vijiji vilichomwa. Wakati huohuo miti mingi ilikatwa na kuchomwa makala. Wengine huwatupia Batwa lawama yote ya makala hayo. Ni vema tuseme pia ni nani anayeyanunua. Magunia hushuka barabara ya Miti mpaka mjini, na sisi wa Nyawera, Kadutu na Bagira twapikia maharagwe yetu kwa msitu huo. Hata mwandishi wa somo hili jikoni mwake mna makala, wala hajawahi kumwuliza mwuzaji yametoka wapi.

SHERIA INAANZA KUMTAZAMA MTU

Kwa miaka mingi sheria ilimwangalia mnyama peke yake. Sasa imeanza kumtazama na mtu. Sheria ile ya mwaka 2014, iliyoweka adhabu kwa mwindaji, inataja pia kushirikishwa kwa wenyeji. Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilipata sheria yake ya kwanza ya kulinda haki za watu wa asili, yaani Batwa na ndugu zao wa misitu mingine.

Tena Batwa wa Kahuzi walikuwa wamepeleka shauri lao mwaka 2015, kwa msaada wa mashirika, mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Banjul, katika nchi ya Gambia. Uamuzi ulitangazwa Julai 2024. Tume ilisema ya kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa ilipowatoa. Ikaitaka iwaombe msamaha, iwalipe fidia, na iwarudishie ardhi yao kwa hati. Tena ilikataa neno lililokuwa likisemwa siku zote, kwamba msitu hauwezi kulindwa ila wenyeji watoke. Kutamka uamuzi si sawa na kuutimiza, na Tume haina askari. Lakini neno limeandikwa, na mtu wa Miti au wa Kalehe aweza kulitaja mbele ya mkuu yeyote bila woga.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali la mkulima: "Basi usiku wanyama wakitoka parki wakaharibu mtama wangu, nifanye nini? Nisipotega, nitakula nini?" Nilimjibu kama ninavyowajibu ninyi. Usitege waya. Weka alama ya uharibifu, mwite mkuu wa kijiji aone kwa macho, mkaandike siku na kipimo cha shamba, na barua ipelekwe kwa walinzi wa Tshivanga ikiwa na majina ya mashahidi. Barua moja yaweza kupotea. Barua ya kila msimu, yenye majina ya kijiji kizima, ni vigumu kupotea. Na ukimkuta gorila karibu na shamba, usimkaribie, hasa ukiwa na kikohozi au mafua, maana magonjwa yetu ya kifua humwua yeye upesi. Rudi nyuma polepole, usikimbie, umwite mlinzi. Ukikuta kitanzi cha waya njiani, usikichukue kukitumia kwako. Mwonyeshe mlinzi mahali kilipo.

Akasema: "Barua nitaandika. Lakini mimi sijui kuandika." Basi tukaanza palepale, kwa herufi ya kwanza ya jina lake.

MASWALI YA KUJIBU KABLA YA SOMO LIJALO

1. Mbwa mwitu wa Maandiko na mbwa mwitu wa mbuga za Afrika hutofautianaje?
2. Kwa nini kuua gorila jike mmoja ni hasara kubwa kuliko kuua mbuzi jike mmoja?
3. Mtu atega waya ndani ya parki, asipate kitu. Je, amevunja sheria? Eleza.
4. Mwaka 2000 ni nani walioingia katika misitu ya Walikale na Shabunda, na walikula nini?
5. Tume ya Afrika iliitaka serikali iwatendee Batwa mambo gani? Waulize wazee wa kijiji chenu wanakumbuka nini juu ya siku Batwa walipotolewa, ukaandike majibu yao.